Nani Alipima Maji ya Kisima Hiki?

Mwaka 1983 daktari wa ngozi mjini Calcutta, K. C. Saha, alianza kupokea wagonjwa kutoka vijiji vya jimbo la West Bengal, India, wenye dalili zilizofanana kiasi cha kumtia shaka. Kifuani na mgongoni ngozi ilikuwa imeingia weusi, na juu ya weusi huo kulikuwa na vidoa vyeupe vidogo vidogo, kama vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Viganja na nyayo zilikuwa zimeota vinundu vigumu. Mkulima kuwa na sugu si ajabu, lakini sugu ya jembe hukaa pale mpini unaposugua. Vinundu hivi vilitapakaa kiganja kizima, na ugonjwa ukikomaa hupasuka na kuuma hata mtu akikunja ngumi. Kilichowaunganisha wagonjwa hawa kilikuwa maji ya visima. Yalipopimwa, yalikutwa na sumu ya arseniki.

Wengi wetu tukisikia kuna sumu kwenye maji tunamtafuta mkosaji: kiwanda kinachomwaga uchafu mtoni, mgodi, muuza viuatilifu. Kisa hiki hakina mtu wa namna hiyo. Arseniki ile ilikuwamo ardhini kabla kijiji hakijawapo, ikaingia kwenye ndoo kupitia bomba lililochimbwa kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana naona habari hii inatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, ambako kisima ni sadaka, ni ahadi ya uchaguzi, ni mradi wa wafadhili, na karibu kila mara ni habari ya furaha. Nasema hivi: anayechimba kisima anabeba deni la kujua kilichomo ndani ya maji yake, na deni hilo halimwishii siku ya uzinduzi.

Nchi iliyolipa gharama kubwa kuliko zote kwa kutolijua hilo ni Bangladesh. Hadi kufikia miaka ya 1970 wanavijiji wengi wa huko walikunywa maji ya madimbwi na mito. Kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yalizika watoto. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikasambaza visima vya bomba: bomba jembamba linazamishwa kwenye mchanga na tope la delta, mara nyingi makumi kadhaa ya mita tu, kisha juu yake inafungwa pampu ya mkono. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Ardhi ile haina mwamba, na mafundi wachache waliweza kukamilisha kisima ndani ya siku moja au mbili. Watu walipoona faida yake hawakungoja tena serikali, wakaanza kujichimbia wenyewe nyuma ya nyumba zao, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ikawa na visima vinavyokadiriwa kufikia milioni 10. Kila mtu alikuwa na sababu ya kujivunia. Mama hakuhitaji kwenda mbali, maji yalikuwa maangavu, na hayakuwa na vijidudu vya dimbwini.

Mwaka 1993 idara ya serikali inayohusika na uhandisi wa afya ya jamii ikakuta arseniki kwenye visima vya wilaya ya Chapai Nawabganj, upande wa magharibi unaopakana na India. Ilikuwa imepita miaka kumi tangu wagonjwa wa Calcutta waanze kuonekana ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyepiga kelele zaidi katika miaka iliyofuata alikuwa Dipankar Chakraborti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur, aliyezunguka vijijini pande zote mbili za mpaka akikusanya maji, nywele, kucha na mikojo. Kisha kati ya mwaka 1998 na 1999, British Geological Survey, taasisi ya Uingereza ya utafiti wa miamba, na idara hiyo ya Bangladesh walipima zaidi ya visima 3,500 karibu nchi nzima. Katika visima vyenye kina kisichofika mita 150, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 za arseniki kwa lita, kiwango ambacho Bangladesh yenyewe imejiwekea. Mwaka 2000 Allan Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake, waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani, WHO, kwamba kati ya watu milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini, na kwamba haijawahi kutokea katika historia jamii kubwa namna hiyo kunyweshwa sumu.

Sasa tulia kidogo kwenye jambo moja. Mwaka 1992 wataalamu wa British Geological Survey walikuwa wamepima maji ya baadhi ya visima vya Bangladesh. Walitafuta vitu vingi, vikiwemo vya sumu, lakini arseniki haikuwamo kwenye orodha yao. Baadaye mkazi mmoja wa Bangladesh aliyeathirika alifungua kesi Uingereza, akidai kwamba ripoti ile iliwafanya watu waamini maji ni salama. Kesi ilipanda hadi House of Lords, wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 2006 dai likatupwa: taasisi ile haikuwa na mamlaka juu ya maji ya Bangladesh, hivyo kisheria haikuwa na wajibu kwa mtu aliyeyanywa. Hukumu hiyo naielewa. Ukianza kumshtaki mtafiti kwa kile ambacho hakutumwa kukitafuta, utafiti mwingi utakufa. Hata hivyo, tazama mnyororo wenyewe. Mtafiti hakuagizwa kupima arseniki. Mfadhili alisema upimaji wa arseniki haukuwa desturi ya wakati ule. Serikali iliwategemea wataalamu. Fundi alilipwa achimbe. Kila mmoja ana maelezo yanayokubalika, na mwisho wa maelezo yote hayo kuna mtu aliyekunywa maji yale kwa miaka ishirini bila kuambiwa chochote.

Wala isidaiwe kwamba dunia haikujua. Argentina, mji wa Bell Ville katika jimbo la Córdoba ulikuwa umekwisha kutoa jina lake kwa ugonjwa huu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Taiwan, visima virefu vyenye arseniki vilisababisha ugonjwa wa miguu kuwa myeusi na kuoza, na utafiti juu yake ulichapishwa miongo mingi iliyopita. WHO yenyewe iliweka kikomo cha arseniki kwenye maji ya kunywa tangu mwaka 1958, ikakibana mwaka 1963, ikakibana tena mwaka 1993 hadi mikrogramu 10 kwa lita. Ujuzi ulikuwapo vitabuni. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi ya kuutoa vitabuni na kuupeleka penye pampu.

Arseniki huingiaje majini bila kiwanda? Njia ziko zaidi ya moja, na kila moja ina funzo lake.

Huko Bengal, mito ya Ganges na Brahmaputra imekuwa ikishusha udongo kutoka milima ya Himalaya kwa maelfu ya miaka. Chembe za mchanga huo zimevikwa kutu ya chuma, na arseniki imenata kwenye kutu hiyo. Ikibaki imenata haina madhara makubwa. Lakini udongo ule ulizikwa pamoja na majani, mizizi na mabaki ya mimea. Bakteria wa chini ya ardhi hula mabaki hayo, na oksijeni ikishaisha hutumia ile kutu ya chuma badala yake. Kutu huyeyuka, na arseniki iliyonata huachiliwa ndani ya maji. Tabaka za juu, ambazo bado ni changa, ndizo zenye shida hiyo. Tabaka kongwe zilizo chini zaidi zilikwisha kusafishwa na maji tangu zamani, na visima vinavyozifikia mara nyingi huwa salama. Kinachosumbua ni kwamba mpangilio wa tabaka hizi hubadilika ndani ya hatua chache tu. Kisima chako kinaweza kuwa na arseniki mara kumi ya kikomo na cha jirani, ng'ambo ya ua, kikawa safi. Kupima kisima kimoja na kukitangaza kijiji kizima kuwa salama ni kubahatisha.

Njia nyingine ni ya miamba yenye dhahabu. Dhahabu ya maeneo mengi ya Afrika hukaa pamoja na arsenopairiti, madini ya rangi ya fedha yenye chuma, salfa na arseniki. Maji yanayopita kwenye nyufa za mwamba huo, hasa hewa ikiufikia, huichukua arseniki. Kaskazini mwa Burkina Faso, mkoa wa Yatenga, baadhi ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya aina hiyo vilikutwa na zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa lita, yaani mara mia moja ya kikomo cha WHO. Wanavijiji wa huko hawakuwa wachimba dhahabu wote, na tatizo halikuletwa na mgodi. Mwamba wenyewe ndio wenye arseniki.

Miamba yenye dhahabu tunayo sisi pia. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kuanzia Geita hadi Mara, imelalia ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha KTH cha Sweden wamekwisha kuonyesha kwamba baadhi ya vyanzo vya maji vya kanda hiyo vina arseniki kupita kikomo. Sisemi kwamba Geita ni Bangladesh, na sipendi mtu ayachukue maneno haya kuwatisha watu wenye kisima kimoja tu kijijini. Visima vingi huenda viko salama kabisa. Ila neno "huenda" halitoshi pale ambapo jibu linapatikana kwa kupima.

Kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita ni kiasi gani? Ni gramu moja ya arseniki iliyochanganywa kwenye maboza kumi ya maji, kila boza lita 10,000. Kiasi hicho hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Hapo ndipo mazoea yetu yanapotuangusha, kwa kuwa sisi kisima tunakipima kwa ulimi. Mzee anaonja, anasema haya yana chumvi, haya yana magadi, haya yana chuma yatachafua nguo. Maji yakiwa matamu, kijiji kinafurahi. Arseniki haigusi ulimi. Na WHO wenyewe husema kikomo hicho ni cha muda, kimewekwa kwa kuangalia ugumu wa kupima na kuondoa arseniki. Hakuna aliyesema kwamba chini yake hakuna madhara.

Madhara yenyewe hayana haraka. Mtu anaweza kunywa miaka mitano, kumi au zaidi kabla ngozi haijaonyesha kitu, na wengine ngozi haionyeshi kamwe. Ndani ya mwili, arseniki husababisha saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu, hudhuru moyo na mishipa ya damu, huhusishwa na kisukari, na mjamzito akiinywa humfikia mtoto tumboni. Araihazar, wilaya ndogo iliyo mashariki ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watu wazima wapatao 12,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba takriban kifo kimoja katika kila vitano miongoni mwao kilihusiana na maji yenye arseniki inayozidi mikrogramu 10. Watu hao hawakufa na jina la arseniki kwenye cheti. Walikufa kwa moyo, kwa uvimbe, kwa maradhi ambayo familia iliyapokea kama mipango ya Mungu.

Kwa upande wa muda, mfano unaonisumbua zaidi ni wa Antofagasta, Chile. Maji yao yalikuwa ya mito ya milimani, hayakuwa ya kisima, lakini arseniki ilikuwa ya asili vilevile. Mwaka 1958 mji ulianza kutumia mito yenye arseniki ya zaidi ya mikrogramu 800 kwa lita. Mwaka 1970 mtambo wa kuiondoa ukafunguliwa, na kiwango kikashuka. Miaka kumi na miwili tu. Lakini vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baadaye, na waliozipata ni pamoja na watu waliokunywa maji yale wakiwa wachanga au wakiwa bado tumboni. Kwa hiyo anayesema "tutapima bajeti ikiruhusu" ajue kwamba miaka anayoichelewesha inahesabiwa kwenye mwili wa mtu mwingine.

Hapa niseme kwa msisitizo jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulijua: kuchemsha maji hakuondoi arseniki. Moto unaua vijidudu, ila arseniki ni elementi, haifi, na maji yakipungua sufuriani inabaki nyingi zaidi katika kile kilichosalia. Dawa ya klorini haiiondoi. Kuchuja kwa kitambaa au kuacha maji yatulie mtungini hakutoshi kutegemewa, ingawa maji yenye chuma kingi yakitulia, kutu inayozama huchukua sehemu ya arseniki. Abul Hussam, mkemia mzaliwa wa Bangladesh, alitumia tabia hiyo hiyo ya chuma kutengeneza chujio la ndoo lenye vipande vya chuma, mchanga na mkaa, na mwaka 2007 likampatia tuzo ya dola milioni moja huko Marekani. Kuoga na kufua kwa maji hayo hakuna hatari ya kulinganishwa na kuyanywa. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Nalitaja hili kwa sababu Bangladesh wanawake waliotokwa na madoa walirudishwa kwao, mabinti walikosa wachumba, na watoto walikatazwa kucheza na wenzao, watu wakidhani ni ukoma au laana. Hakuna dawa iliyothibitishwa inayofuta madhara ya miaka, lakini mtu akiacha kunywa, sehemu kubwa ya arseniki aliyoimeza hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, na dalili za ngozi zilizo changa zinaweza kupungua. Kwa hiyo kuambiwa mapema kuna maana kubwa.

Sisi tunao uzoefu wetu wa maji yenye madini ya asili yanayodhuru. Watu wa Arusha na Kilimanjaro wanajua floridi kwa sababu inaandika kwenye meno. Mtoto anakua na meno ya kahawia, na popote aendapo watu wanatambua alikozaliwa. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kikomo cha muda cha floridi cha miligramu 8 kwa lita, wakati WHO inapendekeza 1.5, kwa sababu kulazimisha kikomo cha chini kungefunga vyanzo vingi vya maji. Uamuzi ule unaweza kujadiliwa, lakini angalau ulifanywa mchana kweupe, juu ya tatizo ambalo kila mtu aliliona, na hadi leo kituo cha Ngurdoto kinahangaika na namna ya kuondoa floridi, kwa chujio la mkaa wa mifupa. Arseniki haina meno ya kutupa ushahidi. Ikikaa ndani ya kisima kwa miaka thelathini, hakuna mtoto atakayeitangaza kwa kutabasamu.

Najua hoja itakayoletwa. Watu hawana maji, watoto wanakufa kwa kuhara leo, wewe unaleta habari za saratani ya miaka thelathini ijayo. Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Kuna utafiti wa wachumi huko Bangladesh uliofuatilia familia zilizohimizwa kuacha visima vya nyumbani baada ya kampeni dhidi ya arseniki; nyingi zilirudia maji ya mbali au ya wazi, na vifo vya watoto wadogo vikaongezeka. Mtu akifunga kisima bila kuonyesha kingine, anaweza kuua kwa njia nyingine. Lakini tazama hoja hiyo inadai nini hasa. Haidai tusipime. Inadai tupime na tuwe na jibu la pili.

Na jibu la pili mara nyingi liko karibu, kwa sababu ile ile iliyofanya tatizo liwe gumu: visima vinatofautiana. Araihazar, watafiti walipoziambia familia matokeo ya visima vyao na kuwaonyesha vya jirani vilivyo salama, zaidi ya nusu ya waliokuwa wakitumia visima vibaya walihamia vingine, na arseniki kwenye mikojo yao ikashuka. Hawakujengewa mtambo. Walipewa habari, na kisima cha jirani. Serikali ilifanya hivyo kwa upana kati ya mwaka 1999 na 2006: visima karibu milioni 5 vilipimwa, vyenye arseniki kupita kikomo cha nchi vikapakwa rangi nyekundu mdomoni mwa pampu, vilivyo salama vikapakwa kijani. Visima vipatavyo milioni 1.4 vilipakwa nyekundu. Hata asiyejua kusoma alielewa.

Kipimo chenyewe cha kijijini si cha kutisha. Unachota maji kwenye chupa ndogo hadi kwenye alama. Unatia unga wa asidi, unatikisa, kisha unatia unga wa zinki, maji yanaanza kutoa mapovu. Haraka unafunga kifuniko chenye ukanda mdogo mweupe wa karatasi uliotiwa kemikali ya zebaki, ukining'inia juu ya maji bila kuyagusa. Kama maji yana arseniki, inageuka gesi, inapanda na kuugusa ukanda. Unasubiri dakika kumi hadi arobaini kutegemea aina ya kifaa. Ukanda ukibaki mweupe, vizuri. Ukigeuka manjano hafifu, manjano iliyokolea, kisha kahawia, unaulinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kadi na unasoma namba. Unafanyia mahali penye hewa, maana gesi ile yenyewe ni sumu, na ukanda uliotumika hautupwi ovyo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne akifundishwa vizuri anaweza kuifanya kazi hii, na matokeo yenye utata yakapelekwa maabara. Gharama ya kipimo kimoja namna hii ni ndogo mno ukilinganisha na mamilioni ya shilingi yanayotumika kuleta mtambo wa kuchimba.

Hata hivyo, rangi hupauka. Bangladesh ilipomaliza zoezi lile, watu waliendelea kuchimba visima vipya visivyopimwa, na rangi za zamani zikafutika kwa jua na mvua. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilipotoa ripoti mwaka 2016 lilisema watu wapatao milioni 20 bado wanakunywa maji yaliyozidi kikomo cha nchi, na kwamba baadhi ya visima virefu vya serikali, vilivyokusudiwa kuwaokoa wenye shida, vilikwenda kwa ndugu na wafuasi wa wanasiasa, kwa kuwa wabunge walikuwa na sauti kubwa juu ya mahali pa kuvichimba. Sehemu hii ndiyo inayonitia hofu zaidi nikifikiria kwetu. Nimeona vibao vingi vya visima. Vina jina la mfadhili, jina la mgeni rasmi, tarehe ya uzinduzi, pengine na jina la marehemu ambaye sadaka ile ni kwa ajili yake. Namba ya kina, namba ya maji yanayotoka kwa saa, tarehe ya kupimwa, na kilichopatikana, sijaviona. Ukiuliza, unaambiwa maji yalipimwa. Ukiuliza yalipimwa nini, mara nyingi jibu ni chumvi na vijidudu. Hivyo vipimo vina umuhimu wake, ila kisima kinaweza kuvifaulu vyote kikiwa na arseniki.

Ndugu zetu walio ughaibuni nao wasidhani hili ni jambo la vijijini Asia na Afrika. Jimbo la Maine nchini Marekani, ambako Wakongomani na wazungumzaji wengine wa Kiswahili wameweka makazi Portland na Lewiston, ni miongoni mwa majimbo yenye watu wengi zaidi wanaotegemea visima binafsi, na miamba yake ina arseniki. Ukiwa mjini unakunywa maji ya mamlaka yanayopimwa kisheria. Ukinunua nyumba nje ya mji yenye kisima, sheria ya taifa ya maji ya kunywa haikigusi kisima hicho. Kukipima ni juu yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanafunzi wa shule za Maine ulikuta kwamba watoto ambao maji ya kisima chao yalikuwa na mikrogramu 5 au zaidi walipata alama za akili zilizo chini kwa takriban 5 hadi 6 kuliko wenzao. Mikrogramu 5 ni nusu ya kikomo.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha maji ya kunywa tayari kinataka arseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kwa maana hiyo hatuhitaji sheria mpya ili kuanza. Kinachohitajika ni kwamba kisima kisikabidhiwe kwa kamati ya maji bila karatasi ya maabara yenye mstari wa arseniki, pamoja na ya floridi na manganizi, na kwamba gharama hiyo iingizwe kwenye mkataba wa kuchimba tangu mwanzo, iwe kisima ni cha RUWASA, wakala wa maji vijijini wa Tanzania, cha msikiti, cha kanisa, cha mbunge au cha mtu binafsi anayewauzia majirani kwa ndoo. Kwenye mikoa ya miamba ya dhahabu na ya Bonde la Ufa kazi ianze na visima vilivyopo, vya shule na zahanati vikitangulia, kwa kuwa humo ndimo wanamokunywa watoto na wajawazito. Matokeo yarudi kijijini, yasomwe kwenye mkutano kwa Kiswahili, na yakiwa mabaya, siku hiyo hiyo watu waonyeshwe kisima kipi cha karibu ni salama kwa kunywa na kupikia, na kile kibaya kibaki kwa kufulia na kunyweshea bustani ya maua.

Wewe unayetaka kuchangia kisima mwaka huu, mwulize mkandarasi au taasisi unayoikabidhi fedha: je, arseniki iko kwenye orodha ya vipimo, maabara ipi itapima, na nakala ya matokeo itabaki kwa nani pale kijijini? Akisema haimo, mwambie aiweke, na uongeze kiasi kinachopungua kwenye mchango wako.